Nafasi ya Marehemu Mtarajiwa

Jumatano, 24 Mei
Inzi wa Mei, wadudu wa mtoni ambao samaki huwapenda mno, wameanza kuibuka! Mto Wendle umefunikwa na mbawa zao, na samaki aina ya trauti, ambao mwaka mzima huwa wajanja kuliko mawakili, wanameza chochote kinachoelea. Majuma haya hata mpumbavu huvua. Mimi, mwenye shahada ya daraja la kwanza, natazama kutoka darajani. Kuvua hapa ni kwa wanachama tu, na Chama cha Wavuvi hakiongezi wanachama. Nafasi hupatikana mmoja wao anapofariki. Katika foleni ninatanguliwa na mtu mmoja tu: Pym, daktari wa meno. Hata hivyo, Kamati yaweza kumruka mtu ikimpenda mwenzake. Meja Sturmey, mwanachama, ni mzee sana na moyo wake ni mbovu. Nimejitolea kumbebea mkoba.

Ijumaa, 26 Mei
Nilimshauri Meja kwamba samaki wakubwa wako juu kabisa, ng'ambo ya uzio na vilima. Alivipanda vyote akiimba. Mimi nilihema, akaniuliza kama nina pumu. Kisha akanifariji kwamba babu yake alifariki akiwa na miaka mia moja na miwili.

Jumamosi, 27 Mei
Pym alinikuta nikimvua Meja mabuti. Akaniuliza, kwa sauti, kazi ya uyaya inalipa vipi siku hizi. Meja alicheka sana. Mshenzi, huyu Pym!

Jumanne, 30 Mei
Msiba. Meja, akiwa majini hadi kiunoni, alinasa trauti ambaye sijapata kuona mfano wake. Ghafla akashika kifua, akaanguka. Ufito wake wa kuvulia ukaanza kuelea, samaki akiuvuta. Nikaudaka. Pym alijitosa kutoka ng'ambo na suti yake, akamkokota Meja hadi ukingoni, huku akinipigia kelele: "We mwendawazimu, tupa huo ufito, njoo umshike miguu!" Nilimjibu kwa adabu kwamba samaki bado ana nguvu. Meja alikwisha kukata roho. Trauti: ratili saba!

Jumatatu, 5 Juni
Mazishi. Bi. Askew, katibu wa Chama, alinivuta kando, sandwichi ya tango mkononi. Nafasi amepewa Pym. Nilijitetea kwamba moyo ule usingeokolewa na yeyote. Akasema hakuna anayenilaumu kwa hilo. "Kufa ni kufa, kijana. Lakini kumalizia samaki wa mwenzio, tena kwa ufito wake! Huna haya?" Kamati ilitaka kulifuta jina langu, ila kanuni haikuwahi kumfikiria mtu kama mimi. Kwa hiyo sasa mimi ndiye wa kwanza katika foleni.

Pym hakufika mazikoni. Maji yale yamemtia homa ya mapafu. Amelazwa, na inasemekana hali si nzuri. Nimemnunulia zabibu. Mabuti ya kuingilia mtoni nimeyaagiza leo asubuhi.