Mazishi ya Rubani Asiyewahi Kupanda Ndege

Siku Kapteni alipokufa, Kamati alikuwa amelala chali katika duka la magodoro, akijaribu godoro ambalo hakuwa na nia wala uwezo wa kulinunua. Runinga ya dukani ilikuwa ikionyesha tamthilia. Humo, simu ikalia sebuleni kwa Kapteni, mkewe akaipokea, akapiga yowe: ndege imeanguka. Kamati akafumbua jicho moja. Mteja mmoja alikuwa amekumbatia mto wenye kibandiko cha bei, analia. Mwenye duka, mtu ambaye hakuwahi kumpunguzia binadamu hata senti, alikuwa anafuta kamasi kwa risiti.

Wengine wakiona machozi huona huzuni. Kamati aliona shughuli isiyo na mwenyekiti.

Jina hilo alipewa na mji kwa sababu kila alipokanyaga aliunda kamati: ya kisima, ya harusi, ya kumpokea mgeni rasmi. Kisima hakikuchimbwa, bibi harusi hakuonekana, mgeni mpaka leo yuko njiani. Risiti, hata hivyo, zilikuwa na mhuri mzuri. Akaketi kwenye godoro, akamuuliza mwenye duka kama ni haki mtu mzito kama Kapteni aondoke hivihivi bila mazishi.

"Lakini si mchezo tu ule?" mwenye duka akasema.

"Na hayo machozi, ni ya mchezo?"

Mwenye duka akaitazama risiti iliyolowa. Kamati akamnong'oneza kwamba mazishi yatarekodiwa na kutiwa ndani ya tamthilia, na kwamba watakaokaa mbele wataonekana nchi nzima. Mwenye duka akaacha kulia palepale, akauliza kama mtu anaruhusiwa kuja na godoro.

Wiki haikuisha Kamati alikuwa anauza viti. Nyuma walikaa wenye huzuni ya kawaida. Katikati, kilio chenye sauti. Mbele kabisa, karibu na kamera, ilikuwa bei ya wakubwa, na kuzimia kulilipiwa peke yake, tena kwa zamu, watu wasije wakaangukiana. Mwenye duka alilipia kuzimia mara mbili, juu ya godoro lake, nembo ikitazama kamera. Mwenye ukumbi alitoa ukumbi bure ili asome wasifu wa marehemu, na katika wasifu huo akajitaja yeye mara tisa.

Kilichopungua ni marehemu.

Kijana aliyeigiza Kapteni alikuwa akiishi na mama yake, muuza samaki, katika vyumba viwili nyuma ya soko. Uigizaji aliuanza akiwa na miaka tisa kwenye tangazo la sabuni, akipakwa matope siku nzima mpaka akaugua. Baadaye akawa mtoto wa jirani anayepita na mpira. Baadaye mhudumu wa hoteli mwenye maneno mawili: "Karibu, bosi." Ndipo akapewa Kapteni. Miaka mitatu alikuwa rubani bila kuisogelea ndege, maana kampuni haikuwa na ndege. Alikuwa anaingia tu sebuleni na begi na kusema safari ilikuwa ndefu. Alipoomba nyongeza ya mshahara wakamwua kwa simu. Hakupewa hata nafasi ya kufa mwenyewe. Tangu siku hiyo kila alipokwenda kuomba kazi aliambiwa watazamaji hawatamkubali, kwa kuwa wameshamlilia.

Kamati akamweleza kazi ilivyo. Kijana akataka malipo kwanza.

"Kwani umewahi kusikia maiti inadai?" Kamati akamuuliza kwa upole.

Kijana akasogea karibu. "Basi niambie, nakufaje?"

"Umeshakufa, dogo. Wewe unalala tu."

"Hakuna kulala tu," kijana akasema.

Mama yake, aliyekuwa anaparua samaki mlangoni, aliinua kichwa. Aliuliza tu jeneza lina upana gani.

Asubuhi ya mazishi ukumbi ulijaa pomoni. Mpiga picha alizunguka na kamera isiyokuwa na betri. Mwenye duka alizimia kabla ya wakati, kwenye zamu ya mwenye duka la dawa, na ikabidi marehemu asubiri ugomvi uishe. Kisha jeneza likafunuliwa, watu wakapita kuaga. Mama mtu akapita wa mwisho, akilia. Akamgusa mwanawe shavu. Kilio kikakatika. Akamwita Kamati kwa kidole.

"Mwanangu amepoa," akasema taratibu.

Kamati akatabasamu, akainama kumsifu kijana sikioni. Hakujibiwa. Akamgusa: baridi kama sakafu ya hospitali. Akaweka kiganja puani, hakuna pumzi. Akamfinya paja chini ya sanda, hakuna. 

"Hiki kifuniko kilikuwa kimefungwa tangu saa ngapi?" mama akauliza.

"Tangu alfajiri, mama. Lakini..."

"Ulitoboa tundu?"

Hakutoboa. Mama akamwambia asiguse kitu, anakwenda kuita polisi, akaondoka kwa hatua za mtu aliyevunjika. Hapo Kamati akalia machozi ambayo hayakulipiwa na yeyote, akarudi kinyumenyume mpaka chooni, mkoba wa makusanyo kwapani. Dirisha la choo liliweza kupitisha mtu au mkoba. Akachagua mtu.

Mama alirudi bila polisi. Akauchukua mkoba kule chooni, akagonga ubao wa jeneza mara mbili. Kijana akashusha pumzi aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, uso ndani ya beseni, mama akihesabu. Akaketi, mabonge ya barafu ya samaki aliyofichiwa na mama yakiporomoka kutoka ubavuni. Mwenye duka akazimia mara ya tatu, hii bila malipo.  Kisha mmoja nyuma akapiga makofi, na wote wakainuka. Walikuwa wamelipia mazishi wakapata na ufufuo. Hakuna aliyeomba kurudishiwa.

Katika viti vya katikati alikuwapo mwongozaji wa tamthilia, aliyekuja kuona ni nani anamzikia mtu wake. Alihesabu vichwa kwa macho, akaenda moja kwa moja kwa kijana kumwambia kuwa ndege ilianguka, ndiyo, lakini karibu na kisiwa. Kuhusu mshahara, mwongozaji akaelekezwa azungumze na mama, na kumshinda muuza samaki kwa bei ni jambo lisilojulikana sokoni.

Kamati alikimbilia mji wa mbali. Huko, kwa hofu na majuto, alifanya jambo ambalo ukoo wake usingeliamini: alipata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha kusaga nafaka, akaifanya. Katika mwezi wake wa nne huko, akiwa mgahawani na wapagazi wenzake, mlango wa sebule ukafunguka kwenye runinga na Kapteni akaingia na begi, akasema safari ilikuwa ndefu. Mgahawa mzima ukashangilia. Kamati peke yake alisimama, kijiko mkononi.

Mhudumu akamuuliza kama anamfahamu.

"Huyo nilimzika mimi," Kamati akasema.

Wakamcheka mpaka chai ikawapalia. Alikuwa amewadanganya watu miaka ishirini wakamwamini. Siku aliyosema kweli, wakamwambia aketi, anawaziba.