Serigne Wawili, Jumatano Moja

Jumatatu, 5 Agosti

Nimekufa. Redio imetangaza. Gora Diop, fundi cherehani wa mji wetu wa Kaolack, amefariki, maziko alasiri. Nilikuwa nakunywa uji, ukanipalia.

Kumbe ni Gora Diop mwingine, wa upande wa stesheni, naye fundi. Lakini kabla watu hawajajua, ua wetu ulishajaa waombolezaji. Nikajificha chumbani nisikilize wanasema nini juu yangu. Mzee wa msikiti akasema marehemu alikuwa... akakohoa. Mwingine akasema marehemu alikuwa mrefu. Demba Ndiaye, kinyozi jirani yangu, akauliza kama wali utapikwa. Mke wangu Coumba ndiye aliyewatawanya: marehemu yuko chini ya kitanda, anayetaka kumpa pole aingie.

Miaka arobaini na minane, na nimeacha urefu tu!

Jumanne, 6 Agosti

Sikushona. Nilikaa mbele ya cherehani nikijiuliza nililetwa duniani kufanya nini. Suruali?

Nikifikiria kaburi nasikia baridi, na joto hili la Agosti! Coumba anasema nisali kama watu wengine. Nasali! (Mara moja moja.) Lakini kila mtu mtaani ana serigne wake, yaani sheikh ambaye mtu hujikabidhi kwake, na Siku ya Kiyama atasimama kivulini mwake. Mimi sina. Kila mwaka nilisema nina kazi nyingi. Nitasimama pale juani peke yangu, mrefu, hakuna anayenijua. Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda kijijini Keur Massamba kwa gari la farasi. Nikampigia magoti Serigne Massamba, nikaweka mikono yangu ndani ya mikono yake, nikasema najikabidhi kwako, duniani na akhera. Akaniuliza kama naelewa ninachosema. Nikasema kabisa. Akaniambia nisali, na nije kulima shambani kwake pamoja na wenzangu. Nikarudi mwepesi.

Demba akanivizia mlangoni. Ndiaye hawezi kumwona Diop akanyamaza, huo ndio utani wa koo zetu. Akasema, "Yule mzee ana wafuasi elfu kumi. Siku hiyo atakukumbuka wewe, mla wali?"

Hofu imerudi. Nadhani imeongezeka.

Ijumaa, 9 Agosti

Mpango! Leo nimejikabidhi kwa Serigne Yoro pia, kule Keur Yoro. Kimya kimya. Tulikuwa wengi kwenye foleni, mwenyewe amefumba macho akituombea, hata hakuniona vizuri. Wa kwanza akinisahau, wa pili yupo. Nani mwingine Kaolack nzima amewahi kufikiria hili? Hakuna!

Jumatatu, 12 Agosti

Mjinga mimi! Coumba ameniuliza kama keshokutwa nitabeba chakula cha shambani. Jumatano! Shamba la serigne hulimwa Jumatano. Kila serigne, kila kijiji. Mtoto anayenyonya analijua hilo. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyefikiria!

Sasa natakiwa kupalilia karanga za watu wawili kwa wakati mmoja. Nikikosa kwa mmoja nimevunja ahadi. Nawaona Siku ya Kiyama, mmoja kashika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wanavuta.

Mchana nikamwomba Demba aende Keur Yoro kwa jina langu. Akataka malipo ya kanzu, yenye nakshi kifuani. Akasema akina Diop ni wavivu mpaka kwenye kuokoka, akachukua kofia yangu.

Jumatano, 14 Agosti

Lazima niandike haya leo leo.

Nilipalilia kwa Serigne Massamba tangu asubuhi. Watu wanamtaja Mungu kwa wimbo, majembe yanakwenda pamoja. Nilianza kuona raha. Alasiri likaja gari la farasi. Serigne Yoro! Kumbe dada yake ndiye mke wa Serigne Massamba! Alikuja kumwonyesha shemeji yake mfuasi mpya: hajapata kuona mtu anayelima huku analia kwa kumcha Mungu. Anaitwa Gora Diop, wa Kaolack. Akashuka Demba, macho mekundu, kofia yangu kichwani.

Serigne Massamba akasema mbona na yeye ana Gora Diop wa Kaolack, yule pale. Nikaitwa. Nikaenda na jembe langu. Nikaeleza yote, mpaka kanzu. Nikangoja laana.

Wakatazamana. Wakacheka mpaka tasbihi zikawaanguka. Kisha Serigne Massamba akaniuliza, "Mwanangu, hasa unaogopa nini?" Nikamwambia: kusimama pale peke yangu, nisijue niliishi kwa ajili gani. Akaacha kucheka.

"Na mimi naogopa hivyo hivyo, kila siku," akasema. "Mimi si mwavuli, Gora. Nakuonyesha njia tu. Tunakwenda wote kwa Yule anayekujua."

Tukasali alasiri pale pale kwenye matuta. Nilipoweka paji la uso kwenye udongo sikukumbuka suruali hata moja. Nililia. Hofu ilikuwepo, lakini sasa nilijua pa kuipeleka. Nimeamini. Naandika tena: nimeamini.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimesali zote tano. Nimeshona suruali saba. Coumba ananigusa shingo kuona kama nina homa.

Jumamosi, 17 Agosti

Demba alikuja tukiwa kwenye chai ya pili kati ya zile tatu za desturi. Analalamika kwamba alilia kwa jina langu, kwa hiyo yeye mwenyewe bado hana kiongozi. Tena anasema uso wangu una nuru. (Coumba anasema ni jasho.) Akapiga magoti, akaweka mikono yake ndani ya yangu. Ningekataa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunipigia magoti! Nikasema nimekupokea, duniani na akhera. Sauti ilitoka nzuri sana.

Kisha akaanza kunieleza madhambi yake. Chai ya tatu ikapoa. Kuku wa majirani. Uwongo aliomwambia mkewe wa kwanza, na wa pili. Mikeka ya msikiti. Mikeka ya msikiti! Na hajamaliza, yaliyobaki ataleta kesho.

Hayo yote sasa yako juu yangu! Mimi ndiye nitakayeulizwa! Sijawahi kuogopa hivi. Uzi hauingii kwenye sindano.

Lakini nimepata mpango. Kule Nioro yuko serigne asiyetujua, si mimi wala Demba. Huyo ndiye atakayeulizwa juu ya mikeka: Jumatatu alfajiri nakwenda kujikabidhi kwake, kwa jina la Demba Ndiaye.