Mwenyekiti Aliyelia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mzee Lugembe ameng'atuka! Ameongoza chama chetu cha wafuga nyuki hapa Kwihara miaka kumi na minne. Sasa magoti yamekataa, anahamia Urambo kwa binti yake. Nafasi iko wazi. Nimekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wa pili ni Bernadeta, mtunza ghala. Mwanamke wa maneno machache, ana mizinga sitini. Mimi ninayo mitatu, miwili haina nyuki. Lakini ulimi ninao. Wanachama wameamua tufanye mdahalo Alhamisi, kisha kura hapo hapo. Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa mwenyekiti. Mke wangu Najiat ameniuliza kama nimeumia mguu.

Jumanne, 10 Juni

Redioni mtaalamu amesema wapiga kura wa siku hizi wamechoka na hotuba. Wanamtaka mtu wa kweli, anayefanana nao. Sawa. Nitakuwa wa kweli kufikia Alhamisi.

Nimemwomba Najiat anichanie shati begani. Amekataa. Amesema kama nataka kuonekana fukara, nivae tu nguo zangu za kila siku. Siasa hazijui huyu. Nimekwenda kwa Nestori, mwanachama mwenzangu, kuazima koti lake la kurinia asali. Linanuka moshi wa miaka kumi. Safi kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Wazo kubwa! Kesho nitasimama kwenye mdahalo na mzinga wangu pembeni, wenye nyuki hai. Nestori amesema mzinga hauhamishwi mchana, nyuki hukasirika. Nimemwambia yeye anajua nyuki, hajui kampeni.

Nimechagua pia neno la kampeni: UWAZI. Nimelitamka mara thelathini mbele ya kioo. Linapendeza hasa nikiinua kidevu.

Alhamisi, 12 Juni

Siku gani hii!

Uwanja wa ghala umejaa. Jenifa, mjane mwenye mizinga kumi na miwili, ndiye aliyeuliza swali: mwaka jana mnunuzi alirudisha ndoo tisa, je, mwaka huu tutafanya nini? Bernadeta akafungua daftari. Akasoma kwamba ndoo zile zilikuwa na asali mbichi, iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega. Yeye atakagua sega moja moja kabla ya kukamua, na anaomba watu wawili wa kumsaidia kupokea. Alisoma kama anayesoma maelezo ya dawa. Watu wakapiga miayo. Mmoja alikuwa anakata kucha.

Zamu yangu. Nikaupiga mzinga kofi la kirafiki. Nyuki akatoka, akanichoma kwenye kope!

 Uwazi wote ulinitoka kichwani. Machozi yakanibubujika. Nikaambulia maneno matatu tu: "Ndugu zangu... inauma."

 Jenifa akaanza kulia. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba hatimaye amepatikana kiongozi anayeyahisi maumivu yetu, si wa kutusomea daftari.

Kura thelathini na nane kwa kumi na nne. Mimi! Bernadeta amenipa mkono, akanishauri nipake maji ya baridi.

Ijumaa, 13 Juni

Jicho limevimba, halifunguki. Haidhuru, njiani nimeitwa Mheshimiwa mara mbili.

Kesho saa sita mnunuzi anafika kutoka Dar. Nimetoa agizo la kwanza: asubuhi ndoo zote zifunguliwe vifuniko, kila mwanachama aione asali yake. Uwazi! Bernadeta amepinga. Amesema kuta za ghala zina matundu, maua porini yamekwisha na nyuki wana njaa. Nimemkumbusha kwamba mdahalo ulikuwa jana. Nimechukua funguo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefungua ndoo zote tisini kwa mikono yangu. Nimepigwa picha nne.

Saa tatu akaingia nyuki mmoja. Kisha kumi. Saa nne walikuwamo nyuki wote wa huku kwetu Unyanyembe. Ghala lilinguruma kama mashine ya kusaga. Watu wakakimbia, mimi mbele.

Jenifa akanifuata. Asali yake yote ya msimu iko humo, na binti yake Julieth anaingia kidato cha tano mwezi ujao. Akasema, "Mwenyekiti, tunafanyaje?"

Nikamshika bega. Nikamwambia naumia pamoja naye.

"Sikuulizi unaumia wapi," akasema. "Nauliza tunafanyaje."

Nikainua kidevu, kama mbele ya kioo. 

Bernadeta ndiye aliyekuja na vifukizo vya moshi na magunia yaliyolowa maji. Akamwita kila mtu kwa jina: wewe ziba tundu hili, wewe lete majani mabichi, Nestori ingia na mimi. Akaingia mara tano, akifunika ndoo moja baada ya nyingine. Alipotoka mikono ilikuwa imevimba kama maandazi. Ndoo saba zimeharibika, themanini na tatu zimepona, na mnunuzi amezichukua. Mimi niliratibu shughuli nzima nikiwa ndani ya gari la mnunuzi, aliyewahi kufika, vioo juu.

Jumapili, 15 Juni

Mkutano wa dharura. Nimeondolewa. Mikono yote ilinyooshwa, hata wangu, maana nilikuwa nafukuza nyuki.

Jenifa alisimama. Hakufoka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema, "Nilikuchagua kwa sababu ulilia. Sikukuuliza unalilia nini. Kosa ni langu pia."

Bernadeta, mwenyekiti mpya, hakutoa hotuba. Aliomba funguo tu. Nikampa. Kwa muda, kama nusu saa hivi, niliona aibu ya kweli. Nilikaa nyuma ya nyumba, sikutaka hata chai.

Kisha nikanywa chai.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka na nguvu mpya. Nimelichambua tatizo lote, na jibu liko wazi: mtindo wangu umepitwa na wakati. Machozi yalikuwa ya wiki iliyopita. Sasa watu wanapenda kiongozi mkimya.

Na bahati iliyoje! Kamati ya shule inatafuta mwenyekiti, mdahalo Ijumaa. Fomu nimeshachukua. Safari hii nitasimama mbele yao na sitasema neno. Nitawatazama tu, kwa uzito. Asubuhi hii nimefanya mazoezi mbele ya Najiat, nikanyamaza dakika nne kamili.

Amesema hizo ndizo dakika nne nzuri kuliko zote tangu tuoane.

Kura ya kwanza hiyo!