Pingamizi Kuhusu Pini Zilizomo Miguuni Mwangu

Kwa Daktari Bingwa wa Mifupa,
Wodi ya Upasuaji, Ghorofa ya Pili.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mikono yako imetulia, maana mikono hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa kuonekana. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemrefusha miguu mwaka juzi. Kabla ya hapo mtaa mzima uliniita Nukta. Ulipomaliza kazi yako nikapandishwa cheo, nikawa Nukta Mbili, ile ambayo moja hukaa juu ya nyingine. Ni jina ninalolipenda.

Wiki iliyopita nilikuja kliniki. Ukatazama picha ya eksirei, ukasema mfupa umeshika vizuri, kisha ukaandika kwenye kadi yangu: pini zitolewe karibuni. Halafu ukamwita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale haraka, na pini zangu zote. Kwa heshima na taadhima naleta pingamizi, nalo ni hili:

1. Hapa umeingia kwenye fani yangu. Mimi nimekaa na pini mdomoni tangu ujana. Pini ndiyo inayoshika kazi mahali pake. Ukiitoa, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Yalishanikuta na suruali ya bwana harusi mmoja. Nilikunja upindo, nikaubana kwa pini, halafu nikazitoa bila kushona kwa sababu redio ilikuwa inatangaza mpira. Siku ya harusi suruali ikarudi ilivyokuwa kabla ya kuletwa kwangu, na bwana harusi akaanguka kifudifudi mbele ya wakwe. Sasa nakuuliza kwa adabu: wewe miguuni mwangu umeshona wapi? Nyuzi pekee nilizoziona ni za kwenye ngozi, nazo nesi alishazitoa.

2. Nyumba yangu imeshahamia juu. Kioo nimekipandisha, misumari ya kutundikia nguo nimeipandisha, meza ya cherehani nimeiwekea matofali maana magoti yalikuwa yanaigonga. Mama mkwe, ambaye zamani alikuwa ananipita sebuleni huku akiuliza kama mwenye nyumba yupo, siku hizi ananituma nimshushie sufuria kutoka juu ya kabati. Nikishamaliza anazirudisha ili nimshushie tena. Sina moyo wa kumnyima mama wa watu furaha hiyo.

3. Pini hizi zinahudumia umma. Mvua ikikaribia, mguu wa kushoto unaniuma, na majirani hawaaniki nguo mpaka wapite dukani kuniangalia uso. Juzi nilikunja uso kwa sababu ya mteja aliyetaka koti la mwili ambao hana, basi mtaa mzima ukaanua nguo, na jua likawaka hadi jioni. Sikatai kwamba inauma. Inauma sana. Lakini ukizitoa, hospitali iwe tayari kutuletea mtu mwingine wa kuumwa mguu.

4. Pini zikitoka nikajikunja, mtaani wataniita Mkato. Watu wa kwetu wakishakupa jina, wanakuandikia hadi kwenye kadi za mwaliko.

5. Hili la mwisho linaniuma kuliko mvua. Mke wangu ni mrefu. Siku ya harusi yetu mpiga picha alinisimamisha juu ya kreti la soda, wakalifunika kwa shela. Mke wangu hajawahi hata siku moja kuniambia nirefuke. Mimi ndiye niliyetaka kumfikia. Na katika kutaka kumfikia nikalala kitandani miezi na miezi, yeye akinibeba mgongoni kunipeleka chooni, huku akinisimulia umbea wa mtaa ili nisiyasikie maumivu. Leo nafika usawa wa sikio lake. Nikiwa na neno namwambia taratibu, bila kupaza sauti. Hapa sifanyi mzaha, Daktari. Naogopa. Naogopa dawa ya usingizi itaisha nikute nimerudi chini ya bega lake, na kubebwa kote kule kumekwenda bure.

Kwa hiyo naomba pini zibaki. Na kama tatizo ni kwamba ni mali ya hospitali, niko tayari kuja kila mwisho wa mwaka nipangwe stoo na kuhesabiwa pamoja na vitanda.

Nisalimie nesi mwenye mkono mwepesi wa sindano, mpishi wa uji, mlinzi wa getini aliyekuwa akinishika mkono kwenye ngazi, na yule mzee wa kitanda cha dirishani kama bado hajaruhusiwa.

Ni mimi uliyenirefusha, na ninayekuomba usinifupishe,

Nukta Mbili,
Fundi Cherehani.

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Ananikumbusha kwamba yule bwana harusi alianguka kwa kukanyaga suruali yake mwenyewe. Upindo ukitolewa pini haupandi, unashuka. Suruali hairudi fupi, inarudi ndefu. Fundi mzima sikuliona hilo. Kwa hiyo nalifuta pingamizi langu lote, la kwanza hadi la tano, na naomba unipangie nafasi haraka, ikibidi hata kesho. Yeye mwenyewe atanisindikiza. Ila kuna jambo amenituma nikuulize, na naliandika shingo upande: kama kuna namna ya pini kutoka nami nikapungua kidogo tu. Anasema zamani akichoka alikuwa anaegemeza kidevu kichwani kwangu, na tangu nirefuke hana pa kukiweka. Na mimi miaka yote ile nilidhani ananipima.