Koko Orpa Yuko Mgonjwa Kidogo

Jumatatu, tarehe 5 Machi 2001

Siku ya kwanza kazini. Foni, yaani kituo cha ujumbe kwa redio, ya baba mdogo Zorobabel, Butembo. Chumba kimoja, mabenchi manne, redio ya mawimbi, betri ya lori, waya uliofungwa juu ya mkaratusi, na mikro moja ya kusemea ambayo sina ruhusa ya kuigusa. Mikro ni ya yaya Tamar, dada yangu mkubwa. Mimi ni wa karatasi. Naandika ujumbe wa wateja, yeye anausoma hewani. Ukija ujumbe kutoka Beni au Mavivi, nauandika na kuupeleka nyumbani kwa mwenyewe.

Tamar anaolewa baada ya Pasaka. Baba mdogo ameahidi: nikifanya vizuri juma hili, mikro itakuwa yangu. Nikishindwa, Jumatatu ijayo napanda lori kwenda Kalunguta kwa shangazi Monique, kulima maharagwe. Mimi! Mwenye diploma ya Serikali! Na jembe!

Mteja wa kwanza: Papa Kitsa, muuza bati. Alimwambia mke wake aliye Beni kwamba anamkumbuka sana, lakini barabara ni mbaya, à vous, yaani zamu yako kusema. Barabara ni nzuri. Wauza samaki walifika leo asubuhi. Na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi na mwanamke mwingine, wamejifunika kitenge kimoja eti kwa sababu ya baridi. Mwanamke akacheka. Benchi zima likacheka. Hata mwanajeshi aliyewekwa hapa kutusikiliza akacheka, na kazi yake ni kukamata waongo!

Nilitaka kusema kitu. Lakini mbele ya watu sauti yangu hutetemeka na kukatika. Nikaandika tarehe.

Jumanne, tarehe 6 Machi

Nimeanza orodha ya uongo. Ukurasa wa tatu tayari.

Kwa foni kila mtu anasikia: jirani, mwanajeshi, wezi wa barabarani, vituo vyote hadi Mavivi. Kwa hiyo hakuna anayesema kitu. Mbuzi wa mahari wanaitwa wageni. Askari wakiingia kijijini, mvua imenyesha. Na mtu akifa, hafi. Anakuwa mgonjwa kidogo. Tangu Noeli, katika daftari letu, watu kumi na tisa wamekuwa wagonjwa kidogo. Wote wamezikwa.

Nilimuuliza Tamar kwa nini mtu asiseme tu kwamba fulani amekufa. Akaniangalia kana kwamba nimevua nguo kanisani. Kifo hakipiti hewani, akasema. Mtu anaambiwa akiwa amekaa, ameshikwa mkono. "Utaua batu na presha, wee mutoto!"

Visingizio. Uoga umevaa nguo za heshima, basi. Watu wanasema simu za mkononi zitafika hapa hivi karibuni. Vizuri! Kila mtu atatembea na uongo wake mfukoni.

Mpango: nitarekebisha karatasi. Kidogo kidogo. Tamar anasoma bila kufikiri. Akili yake yote iko kwenye gauni.

Jumatano, tarehe 7 Machi

Ushindi!

Papa Kitsa alirudi, akaniamuru niandike maneno yaleyale, kukumbuka na barabara. Nikaandika: "Barabara ni nzuri. Mimi ndiye sitaki kuja." Tamar akasoma mpaka mwisho, ndipo akashtuka. Halafu sauti ya mke kutoka Beni, taratibu kabisa: bien reçu, amesikia vizuri, anakuja yeye na lori la kesho, à vous.

Papa Kitsa alitoka mbio na kusahau kofia. Kitenge kilibaki na mtu mmoja ndani.

Baba mdogo aliniita uani. Nikamwambia huenda nilichoka, mkono uliandika wenyewe. (Uongo huu hauhesabiwi. Ulikuwa wa kulinda ukweli.) Akasema kosa moja zaidi, Kalunguta. Tamar ananiita mchawi wa kalamu. Wivu.

Alhamisi, tarehe 8 Machi

Siku kubwa ya maisha yangu.

Saa nne, Mavivi ikatuita. Binamu yetu Syauswa ndiye mwenye foni ya huko, karibu na uwanja wa ndege. Akasema: Koko Orpa yuko mgonjwa kidogo, anataka sukari ya chai. À vous.

Koko Orpa! Mama mzazi wa baba mdogo, na wa marehemu baba yangu. Aliuza kuku wake wawili ili mimi nipate sare ya shule. Baba mdogo akakaa chini, pale pale, juu ya betri. Tamar akafumba macho. Mabenchi yakaanza kusema pole.

Baba mdogo hakutaka kuamini. Akaomba tusubiri. Akamtuma Tamar aulize tena saa nane, aombe kuisikia sauti ya Koko mwenyewe. Saa nane Syauswa akajibu kwamba Koko hawezi kuja kwenye foni. Analala.

Analala! Mama mmoja wa mbele akashika kichwa kwa mikono miwili.

Ikabaki kumwambia shangazi Monique, naye alikuwa ameitwa kwenye foni ya Kalunguta. Tamar akachukua mikro na kuanza ule wimbo wake wa sukari: mama Monique, uko muzuri, batoto beko muzuri, sasa Koko anakuhitaji kidogo, mais usiwe na hofu, unaweza kubeba nguo nyeusi kama iko karibu…

Sikuvumilia. Sijui ni mguu gani ulionisimamisha. Nikanyakua mikro. Nikasema: "Shangazi, ni Kavuo. Koko Orpa amekufa. Nilimpenda. Amekufa. À vous."

Sauti haikutetemeka! Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Vituo vyote vilisikia, kuanzia Butembo hadi Mavivi. Halafu kilio cha shangazi, kirefu, mpaka spika ikakwaruza. Mwanajeshi akavua kofia. "Mama na ngai," akasema kwa Kilingala, yaani mama yangu, huyu leki, huyu mdogo wetu, ana moyo kuliko koplo wetu.

Nililia mpaka jioni. Nililia na kujivunia, vyote viwili kwa pamoja. Baba mdogo hakunigombeza. Mikro ni yangu, naona wazi.

Ijumaa, tarehe 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka asubuhi na lori la chumvi. Watu ishirini na watatu, magunia mawili ya maharagwe, mbuzi wawili, na sanduku la kuzikia ambalo fundi alilimaliza alfajiri. Kalunguta tukampakia shangazi Monique, amevaa nyeusi, sauti imekauka. Kwenye vizuizi askari waliona sanduku, wakatupisha bila neno. Baba mdogo alikuwa ameshika msumari mmoja uliobaki. Aliushika safari nzima.

Mavivi, ua ulikuwa umejaa. Watu kama mia mbili, wengine wanalia, wengine wanacheka. Walinisikia hewani jana, kila mtu kwa masikio yake, wakaja mbio. Katikati, juu ya kiti, amejifunika blanketi, Koko Orpa. Anakohoa. Ana hasira.

Mafua! Alikuwa na mafua! Syauswa aliapa mbele ya wote kwamba alisema tu alichoambiwa: Koko ni mgonjwa kidogo, anataka sukari ya chai. Na saa nane alikuwa analala. Kwa sababu alikuwa na usingizi! Alituita mpaka usiku kusahihisha, lakini tulikuwa tumefunga foni kwa msiba.

Nauliza: ni nani anayetumia ukweli kwa foni bila kuonya watu kwanza? Kosa ni la Syauswa. Lakini macho yote yalikuwa kwangu.

Koko alipoamka jana, alisema, alikuta wanawake wanagaagaa mlangoni. Akawauliza nani amekufa. Wakakimbia. Wawili waliumia.

Halafu akaliona sanduku. Akaliendea na fimbo, akaligonga ubavuni. "Munaleta sanduku, munasahau sukari!" Akalipima kwa macho, akamgeukia mtoto wake. "Na iko mufupi, Zorobabel. Ulifikiri nitakunja magoti?"

Shangazi Monique alicheka mpaka akaanguka, kisha akalia upya, kisha akaniangalia. Mbuzi wakaliwa hata hivyo. Watu mia mbili hawarudi nyumbani hivi hivi.

Nilipiga magoti mbele ya Koko niombe msamaha. Sauti ilikatika tena, kama zamani. Akaniangalia, akinyonya mfupa.

Jumapili, tarehe 11 Machi

Tulirudi Butembo jana. Hukumu imetoka leo baada ya misa. Kesho, lori, Kalunguta. Baba mdogo alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Foni yake ilikuwa na heshima, akasema. Sasa watu wanakuja kuuliza kama wako hai.

Nimelia chini ya mto. Kulima! Kuamka na jembe, kulala na jembe, mpaka nizeeke na diploma yangu.

Tamar aliniletea kitambaa chake cha kichwa, kile cha njano, eti zawadi, eti atanikumbuka. Anafurahi tu kwamba naondoka. Nimekipokea. Ni kizuri.

Jumatatu, tarehe 12 Machi

Nilikuwa nimeshapanda lori Tamar alipokuja mbio na karatasi. Ujumbe kutoka Mavivi. Naunakili hapa wote:

"Kavuo, mjukuu wangu. Nimekusamehe. Miaka yote hii hakuna aliyesema ananipenda mbele ya watu wote, na wewe ulisema. Hata kama ulisema nimekufa. Syauswa anahamia Kampala na biashara, foni ya hapa inatafuta mtu wa mikro. Nimemwambia ni wewe. Usishuke Kalunguta. Njoo mpaka kwangu. À vous."

Baba mdogo alisema kama nataka, anakubali. Lori ni lilelile, linafika Mavivi. Nikae tu juu ya magunia.

Nimesoma mara nne. Mimi si mtoto.

Nimekusamehe! Mwenye kusamehe kweli hatangazi, ananyamaza. Njoo mpaka kwangu: yaani mpaka fimbo inapofika. Na mikro, mimi, baada ya yale yote? Chambo. Wanataka nifike mbele ya wale watu mia mbili wamalizie kicheko chao.

Tamar alishika ubao wa lori, analia. "Kavuo, ni kweli, na Mungu! Nimeandika vile amesema, neno kwa neno!" Sasa, mwongo angesema nini kingine?

Saa tano tulisimama Kalunguta. Dereva aliniuliza mara mbili kama kweli nashuka. Nikashuka. Lori likaenda zake Mavivi, nafasi yangu juu ya magunia iko wazi.

Shangazi Monique alinipokea barabarani. Akanipa jembe. Akasema amefurahi sana kuniona.

Jembe nimeliamini. Hayo mengine, mimi sidanganyiki.