Mkurugenzi wa Vitanda Tisini na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Roho juu tangu asubuhi. Ijumaa baraza la wadhamini linajadili mshahara wangu. Mkurugenzi wa hospitali ya hisani, miaka sita, nyongeza sifuri! Shemeji anaendesha hospitali kama hii na kajenga ghorofa. Kanuni inasema nilipwe sawa na wakurugenzi wa hospitali zinazolingana na yetu. Nani anazichagua? Mimi! Nimechagua tano, kubwa kuliko zote. Nimemwahidi mke wangu jiko jipya.

Jumanne, 4 Machi
Matroni kaichungulia orodha bila kukaribishwa. Akauliza tangu lini vitanda arobaini vikalingana na mia nne. Ana roho ya kwa nini, huyu. Nimehesabu upya. Vya stoo, vya miguu mitatu, mabenchi ya mapokezi, kiti cha daktari wa meno. Tisini na sita. Meza yangu nayo mtu akijikunja analala. Tisini na saba.

Jumatano, 5 Machi
Vitanda havitoshi. Nimeandika upya majukumu yangu, ukurasa mmoja ukawa kumi na mmoja. Nasimamia utafiti. Nasimamia idara ya moyo (tuna kipimo cha presha). Nikaandika kazi hii inataka mtu mwenye shahada ya uzamivu. Ikapendeza. Nikaongeza lugha tatu. Mke wangu kasema debe tupu haliachi kuvuma. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Sikai, silali, sili. Nimezunguka wodini mara ishirini, wagonjwa wakadhani ni ukaguzi, wakaficha vyombo vyao. Nimempigia Mwenyekiti wa baraza, mwalimu mkuu mstaafu, mara tatu. Kasema karatasi yangu kaisoma yote na kupiga mistari kila ukurasa. Mistari! Dalili njema hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Wamepitisha! Mshahara mara mbili, kwa kauli moja! Nusura nimkumbatie Matroni. Ndipo Mwenyekiti akaniita mwanangu, akasema nimewafumbua macho: kazi nzito namna hii hawawezi kumwachia mtu mwenye cheti cha utunzaji wa stoo. Wataitangaza. Matroni atakaimu. Mimi narudi stoo, kwa mshahara wa stoo. Nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia mke wangu. Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akaenda kuziba tundu la jiko kwa bati. Hilo liliniuma kuliko baraza zima.

Jumatatu, 10 Machi
Stoo. Vumbi, na glavu zisizo na jozi. Matroni kaleta fomu. Baraza sasa linapitia mishahara ya wote. Kasema, tena kwa upole, niandike kazi zangu kwa mistari mitano, ya kweli tupu, na nafasi yangu ataitetea mwenyewe.
Mistari mitano! Ananiogopa. Nimeandika kurasa tisa: Mkurugenzi Mkuu wa Ugavi wa Kimataifa. Nimesisitiza kwamba nafasi hii asipewe mtu mwenye shahada chini ya mbili.