Rubani Aliyekwenda Posa Ndevuni Mwangu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayesitiri aibu za waja wake asubuhi na jioni. Zangu kazisitiri nyingi. Leo kaona moja itoke nje ipunge hewa.

Ndugu zangu wa kundi hili, nimeumbuka. Tena mbele ya wakwe!

Mnajua mimi ni fundi saa wa Mwanjelwa niliyestaafu (mikono bado haijapewa taarifa). Jirani yangu anasafirisha watu kwenda Umra, na ofisini kwake ameweka ndege ya mfano, urefu wa mkono mzima. Juzi mama mmoja mtu mzima aliinama, akachungulia dirisha la mbele, akainuka kakasirika. "Haina dereva! Mimi siendi Makka na kitu kisicho na dereva." Akaondoka zake. Jirani akanibebea ndege hadi nyumbani. "Sheikh, nifanyie marubani."

Nikachonga wawili kwa vijiti vya kuchokolea meno. Kila mmoja kama punje ya mchele. Shati jeupe, suruali nyeusi, kofia nyeusi. Uso sikuwatia, wala macho wala pua. Wanazuoni wanatuonya kuhusu sanamu, nami kwa umri huu sitafuti kesi.

Leo asubuhi nikabandua paa la chumba cha rubani. Msaidizi akakaa kitini bila matata. Ikafika zamu ya nahodha. Nikambana kwa kibanio, nikampaka gundi ya supaglu makalioni, nikazuia pumzi, nikamsogeza taratibu, taratibu...

Chafya! Baridi ya Mbeya mwezi huu haina adabu.

"Alhamdulillah," nikasema.

"Yarhamuka Llah," akajibu mke wangu kutoka jikoni.

Nikatazama kibanio. Kitupu.

Nikapiga magoti nikaanza kutafuta. Mezani hayupo. Mkekani hayupo. Mke wangu akaingia, miwani yake kaiacha huko huko alikoiacha jana.

"Baba Idi, unatafuta nini mvunguni?"

"Rubani."

"Wa wapi?"

"Wa Makka."

Akanigusa kwenye paji la uso. Homa hakuna. "Hebu inuka uvae kanzu. Haruna yuko mlangoni, posa ya mtoto wa watu itachelewa."

Haruna ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Moyo wake uko kwa Zuhura, binti wa Mzee Kombo muuza vitambaa. Huyo mzee ana msimamo. Ameshawarudisha washenga wawili wa watu wengine, na Haruna tangu jana chakula hakipiti. Mshenga wake ni mimi. Nikavaa kanzu, nikajifunga skafu shingoni mpaka kidevuni kwa ajili ya baridi, tukaenda.

Sebuleni kwa Mzee Kombo jiko la mkaa lilikuwa limekolea. Nikavua skafu. Alikuwepo yeye na mama yake, Bibi Mwanaidi, aliyetoka Iringa jana kuja kutupima sisi. Haruna akaketi nyuma yangu, kwa adabu.

Nikaanza. "Wenzetu, tumepita nje ya bustani yenu, tumeona ua..."

Wote wakanitazama kidevu. (Nikafurahi! Ndevu zangu nyeupe huwa nazitunza.) Nikazipapasa kidogo ili wazione vizuri. Wakasogea nyuma.

Nikapandisha sauti. "Kijana wetu ni msafi. Ukoo wetu hauna hirizi, hauna waganga, hatutembei na vitu!"

Bibi akakohoa. "Hutembei na vitu, Sheikh?"

"Abadani!"

"Na huyo mtu?"

"Mtu gani, mama yangu?"

"Huyo aliyekaa ndevuni. Ukisema, anatikisa kichwa. Ukinyamaza, naye anatulia."

Mzee Kombo akaweka kikombe chini, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Kwa sauti.

Nikatia mkono ndevuni. Nikagusa kofia. Nikagusa miguu. Ndugu zangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi furaha ikanipanda, nikapaza sauti: "Kumbe uko hapa! Nimekutafuta asubuhi nzima!"

(Nilimsemesha. Mbele ya wakwe.)

"Kombo, umesikia?" Bibi akajivuta ukutani. "Wanajuana!"

"Mama, huyu ni rubani..."

"Rubani wa nini? Wa ungo?"

"La hasha! Nimemchonga mwenyewe!"

"Kamchonga mwenyewe! Na macho hana!"

Nikamvuta nimtoe. Supaglu ikakataa. Kila nikivuta machozi yananitoka, na Bibi anamweleza mwanawe: "Hataki kuondoka. Kashazoea hapo."

Mzee Kombo akasimama. "Sheikh, kwa heshima yako yote, naomba mazungumzo yaishie hapa."

Nikasikia nyuma yangu mlango unabamizwa kwa nguvu. Haruna katoka mbio. Nikajua kijana wangu kanikimbia, na sikumlaumu. Nikabaki naeleza habari za ndege, na kadiri nilivyoeleza ndivyo Bibi alivyozidi kuomba hifadhi ya Mungu.

Mara bodaboda ikasimama nje. Haruna huyo, kaikumbatia ndege kama mtoto mchanga, mfukoni kaleta lenzi yangu ya kutengenezea saa. Akapiga magoti mbele ya Bibi, akampa lenzi.

Bibi akaibana jichoni. Akachungulia dirisha la mbele.

"Mmoja yumo," akasema polepole. "Kakaa peke yake, maskini. Kiti cha pili hakina mtu."

Akanigeukia, akanitazama kidevu, na kicheko kikamtoka. Kikamwangusha juu ya mito, khanga ikamvuka kichwani. "Kombo! Lete mkasi! Mrudishe mwenzake kazini!"

Basi mkwe mtarajiwa, kwa mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaninyoa. Nahodha amekaa kitini kwake sasa, kabeba fungu la mvi zangu. Mimi nimebaki na pengo kidevuni, linapitisha baridi.

Bibi akajifuta machozi. "Posa tumeipokea. Kijana huyu angekuwa mwongo angekimbia moja kwa moja. Lakini siku ya mahari, mshenga akaguliwe mlangoni, kama wanavyokagua uwanja wa ndege!"

Nyuma ya pazia Zuhura akacheka. Haruna akaomba maandazi, akala sahani nzima.

Sasa ndugu zangu, Ijumaa nina mawaidha msikitini, na mada iliyopangwa ni ushirikina. Naombeni asicheke mtu. Atakayeweza kujizuia, Mungu amlipe kwa subira yake. Atakayeshindwa, Mungu amdumishie furaha nyumbani mwake, na awajalie watoto wake wakwe wanaojua kucheka. Amin.